Karo Lisilo na Kina

Ninauza mbegu na dawa za mimea Mbalizi, na kazi hii imenipa ugonjwa mmoja ambao dawa yake siiuzi: ugonjwa wa kujiona najua. Mkulima akiingia na jani lenye madoa, kabla hajamaliza salamu mkono wangu umeshafika rafuni. Mara nyingi ninapatia, na kule kupatia ndiko kulikoniharibu. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanionea huruma mahali nisipostahili.

Mama yangu anaishi Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, katika nyumba ile ile niliyozaliwa. Babu mzaa baba alitoka Bagamoyo na robota la nguo begani, akaishiwa na hamu ya kutembea alipofika pale. Kwa hiyo majirani zetu Wahehe wanatuita Waswahili, na ndugu zetu wa Pwani wanatuita watu wa bara. Mama husema haidhuru, ilimradi wote wakipika pilau wanatuita.

Baba alikuwa fundi saruji. Hakujenga maghorofa, alitengeneza vitu vidogo kama vyungu vya maua, matofali ya kupitishia hewa, mifuniko ya mashimo na makaro ya kuoshea vyombo. Nusu ya mtaa wetu wanaosha sahani zao kwenye makaro ya baba, isipokuwa mama. Mama aliosha vyombo kwenye beseni lililowekwa chini, ameinama, miaka nenda miaka rudi. Kila jioni alishika kiuno na kuuuliza ukuta kama yuko mke wa fundi mwingine yeyote Iringa anayeinama namna hii.

Siku baba alipoamua kumtengenezea la kwake, alitumia saruji iliyobaki kwenye kazi ya mtu, na haikutosha. Karo likatoka pana, zuri, kingo zake laini kabisa, lakini halina kina. Ukiweka sufuria ndani, sufuria yote inaonekana nje. Tena alisahau kuacha tundu la kutolea maji, akasema atalitoboa baadaye. Pembeni, saruji ilipokuwa bado mbichi, alikuwa amebonyeza dole gumba lake kama alivyofanya kwenye kila kazi yake.

Mama akatoka jikoni, akaliangalia. Siku hiyo wanawake wawili wa jirani walikuwa wamekuja kuazima kinu. "Hili karo au sahani?" mama akauliza. "Humu hata kuku hawezi kunawa." Wale wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba alitabasamu kidogo, akaliburuta karo lake hadi chini ya mparachichi, akaosha mwiko, akaingia ndani. Kuanzia hapo hakumsemesha mama.

Alinuna siku tatu. Alikula chakula, akamshukuru Mungu, mpishi hakumshukuru. Mama naye ana kichwa kigumu, nami nimekirithi. Alijiambia atamwomba radhi Ijumaa, kwa kuwa ni siku njema. Alhamisi asubuhi baba alikwenda kazini Mafinga bila kuaga, akaanguka akiwa na ndoo ya zege mkononi. Tulipofika hospitali alikuwa ameshafunikwa shuka.

Kwetu sisi mke anatamani kusikia kutoka kinywani mwa mumewe kwamba yuko radhi naye. Mama aliishi na mtu yule zaidi ya nusu ya umri wake, akamfulia, akamzalia, akamwuguza malaria zisizohesabika, halafu neno lake la mwisho kwake likawa lile la kuku. Watu walimwambia mumeo alikuwa na moyo mweupe, ameshasamehe. Mama aliwajibu kwamba yeye ndiye aliyeolewa naye, na anamjua alivyokuwa akinuna.

Akiwa ndani ya eda, alikuwa anakaa dirishani upande wa mparachichi. Mvua za masika zilikuwa zimelijaza lile karo, na hakuna aliyelijali. Asubuhi moja aliniita kwa sauti iliyonifanya niache chai. Tetere wawili walikuwa wameshuka kwenye karo. Mmoja alikunywa, mwingine akaingia kabisa, akalowesha kifua, akapiga mabawa, maji yakaruka huku na huku. Maji yalimfika vidoleni na kidogo juu yake, kiasi kile kile anachohitaji tetere.

"Unaona?" mama akasema. "Nilimwambia hata kuku hawezi kunawa humu." Kisha akalia, na mimi nikakaa naye nikiwa sijui nifanye nini na mikono yangu.

Eda ilipokwisha, jambo la kwanza alilofanya ni kuondoa majani yaliyooza ndani ya karo na kutia maji safi. Alitia nia kabisa, kwa maneno, nami nilikuwepo: kila kiumbe kitakachokunywa hapo, thawabu zake zimfikie marehemu. Hiyo ndiyo ikawa sadaka yake, na ndiyo ikawa barua yake kwa baba. Ndege walipojaa, aliona amejibiwa.

Basi tukaanza kuliita bakuli la ndege, na bakuli lile lilikuwa na adui mmoja. Maji yakikaa siku mbili, hasa jua la Oktoba likipenya kwenye matawi, utando wa kijani unaanza kushika pembeni. Ukiuacha siku ya tatu unateleza kwa kidole, siku ya nne unanuka. Saruji ya baba ilikuwa na vitundu vidogo vidogo, na ule ukijani ulijichimbia humo ndani. Mama hakuvumilia. Kumpa marehemu maji ya kijani, alisema, ni sawa na kumpelekea mgeni chai kwenye kikombe kisichooshwa.

Alikuwa na utaratibu wake. Baada ya sala ya alfajiri na kabla ya kuwasha jiko, alimwaga maji ya jana kwenye mchicha, akachukua jiwe, akasugua. Jiwe lenyewe nilimpelekea mimi kutoka kwetu Mbeya, lile jepesi lenye matundu ambalo akina mama wanasugulia visigino, linaokotwa upande wa Rungwe. Alisugua kwa mzunguko kuanzia katikati kwenda ukingoni, akiruka alama ya dole gumba. Hiyo aliisafisha kwa ncha ya kitambaa. Sabuni hakutia, kwa sababu ndege haoshwi kwa sabuni ya kufulia. Alisuuza mara tatu, akajaza, akaweka jiwe moja bapa katikati ili chiriku na wadogo wenzake wapate pa kusimama. Halafu alirusha chenga za mchele pembeni, na mchele ule sharti uwe wa Madibira, eti ndege wa Iringa wamezoea vitu vizuri.

Mimi nilikuwa nampigia simu kila Ijumaa baada ya sala, naye alinipa taarifa. Leo wamekuja kwezi, wamefukuza jurawa. Leo kuna ndege simjui, ana kofia nyekundu, anakunywa huku anamwangalia paka. Kama kuna mtoto aliyewahi kusoma ripoti ya shule kwa fahari zaidi ya ile, mimi simjui. Nikikata simu nilikuwa nafungua duka nikiwa mtu mwema.

Sasa nije kwenye ujinga wangu.

Nilikwenda kumwona mwanzoni mwa kiangazi, nikamkuta anasugua akiwa amepiga magoti. Amekwisha kuwa mtu mzima, magoti yake yanalia anapoinuka. Nikaona pia ndani ya bakuli, kwenye kitako, pana ufa, mrefu wa shubiri moja, na ndani ya ufa ule utando wa kijani umejaa. Jiwe halikuweza kuufikia. Ndiyo maana ulikuwa unarudi haraka.

"Mama, hili jambo dogo," nikasema. "Nina dawa."

"Dawa gani?"

"Mrututu. Ile ya buluu. Wakulima wa kahawa wanapulizia kutu ya majani. Kidogo tu, hutaona tena kijani humu."

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo nimeshika kiberiti. "Dawa zako za kahawa zibaki huko huko kwenye kahawa," akasema. "Hapa wananywa viumbe."

"Mama, mimi ndiyo kazi yangu."

"Na mimi ndiyo bakuli langu."

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini nilikuwa nimeudhika. Mtu mzima, nina duka, watu wanapanda bodaboda kutoka vijijini kuja kuniuliza, halafu mama yangu mzazi ananikatalia mbele ya bakuli la saruji! Alhamisi alasiri alipokwenda kwenye darasa la akina mama msikitini, nikatoa mwiko wa baba stoo, nikakoroga saruji ya kuziba ule ufa. Ndani ya saruji nikachanganya mrututu, kiganja kizima. Nilijipongeza kwa akili. Sikutia dawa kwenye maji, nilitia kwenye ufa. Itakuwa inatoka kidogo kidogo, kijani hakitarudi, na mama hatapiga magoti kila siku. Nilikuwa nampenda, hilo naomba liandikwe, ingawa halinisaidii kitu.

Mama aliporudi na kukuta ufa umezibwa, alifurahi hadi akanigusa shavu. "Mikono ya baba yako hii," akasema. Aliuliza mbona kiraka kina rangi kama ya samawati. Nikamwambia ni aina ya saruji. Nilidanganya haraka kuliko ninavyosoma bei za mbegu. Tuliliacha likauke, akajaza maji, nami nikarudi Mbalizi.

Ijumaa ya kwanza akaniambia kijani hakionekani kabisa, mashallah. Nikavimba kichwa. Ijumaa ya pili akasema ndege wamepungua, labda kuna mwewe. Ijumaa ya tatu sauti yake ilikuwa imeshuka. Tetere mmoja alikutwa amelala chini ya bakuli, macho wazi, hana jeraha. Mama alimchimbia shimo mwenyewe kando ya mchicha. Tangu siku hiyo wengine wanakuja, wanatua ukingoni, wanachovya mdomo, wanatikisa kichwa, wanaondoka.

"Ni msimu, mama," nikamwambia. "Ndege huwa wanahama."

"Tetere hahami," akasema. "Baba yako amekataa. Alikuwa ananistahi tu miaka yote hii, sasa amechoka. Nilisema hata kuku hawezi kunawa humu, na ndivyo ilivyokuwa. Hakuna anayenawa."

Nilimwambia asiseme hivyo. Nilimwambia maneno mengi mazuri kuhusu rehema, mimi ambaye nusu ya sala zangu naziswali nikiwa nahesabu magunia kichwani. Sikuunganisha chochote. Naapa sikuunganisha. Mtu anayejua kila kitu ana njia zake za kutojua.

Aliyenifumbua macho ni mteja. Mama mmoja wa makamo alikuja kununua mrututu, mkulima wa kahawa, mwenye haraka zake. Nilipokuwa namfungia, akaniuliza, "Bosi, sasa hii beseni ya kukorogea, nikisha suuza, kuku inaweza kunywea?"

"Mama yangu, usithubutu," nikamjibu bila hata kuinua kichwa. Jibu hili nalitoa kila wiki. "Hata ukisuuza mara kumi. Beseni la mrututu litenge, liwekee alama. Kuku akinywea humo, anakwisha."

"Hata kama maji inaonekana safi?"

"Hasa yakionekana safi. Hapo ndipo..."

Sikumaliza. Nilibaki nimeshika kamba ya kufungia. Yule mama akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. "Ndaga, baba," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akachukua mzigo wake, akaenda zake kutenga beseni. Kuku wake walikuwa salama kwa ushauri wangu. Nilikaa juu ya gunia la mbolea nikamfikiria tetere yule na macho yake wazi, na mama anavyochimba shimo kwa mikono yake, na nikaona aibu ya kunitoa jasho.

Ungedhani nilipiga simu hapo hapo. Sikupiga. Nilitafuta kwanza njia ya kulirekebisha jambo bila kulisema. Jioni yake nilimwambia mama kwa simu aliache bakuli likae kavu kwa muda, lipigwe jua. "Nimnyime baba yako maji hata sasa?" akauliza. Badala ya kuliacha, alianza kulisugua mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri. Alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Jirani yetu, bibi wa Kihehe ambaye alikuwa mmoja wa wale waliocheka siku ile ya kinu, alinipigia yeye mwenyewe. "Kamwene," akasema, bila hata kungoja niitikie. "Njoo umwone mama yako. Hali chakula vizuri. Anakaa kwenye lile bakuli anaongea na marehemu. Anamwomba msamaha kutwa. Sisi tulicheka siku moja, yeye analipa miaka. Njoo."

Nilifunga duka siku ya soko, jambo ambalo sijawahi kufanya, nikaenda.

Nilimkuta pale pale, chini ya mparachichi, amepiga magoti, jiwe mkononi. Amekonda. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kusugua. Alikuwa anasugua kiraka changu. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imechubuka kwa ajili ya kitu nilichokiweka mimi. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani kuanzia Makambako, ina utangulizi na kila kitu. Ikayeyuka yote.

"Mama, acha kusugua. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nimekusikia getini."

"Hapana. Ndege. Ni mimi niliyewafukuza. Nilitia mrututu ndani ya ile saruji. Ulinikataza, nikasubiri uende darasani, nikatia. Kile si kiraka, ni sumu. Tetere nilimwua mimi."

Jiwe lilisimama. Hakunitazama. Alitazama kiraka, akapitisha kidole juu yake polepole, kama mtu anayesoma jina lililofutika. Nilisubiri anitukane, na ningeshukuru.

"Kwa hiyo si yeye," akasema.

"Si yeye, mama."

"Baba yako hakukataa."

"Baba hakuhusika kabisa. Ni ubishi wangu tu."

Alikaa chini kabisa kwenye udongo, miguu mbele, namna ambavyo sijawahi kumwona akikaa. Alijifunika uso kwa khanga na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kwa kweli alikuwa analia, lakini kulikuwa na kicheko pia ndani yake, na vyote viwili vilinichoma sawasawa. Alipojifunua uso alikuwa amekasirika vizuri.

"Wiki zote hizi namsingizia maiti!" akasema. "Namwambia wewe mtu gani usiyesahau. Namwambia nimekupikia miaka yote unanihukumu kwa neno moja. Nimemgombeza kaburini, kumbe mwenye makosa yuko Mbalizi anakula chipsi!"

"Nisamehe, mama."

"Subiri. Sijamaliza na baba yako." Akageukia lile bakuli, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeongea na mwenzake aliye chumba cha pili: "Baba watoto, niwie radhi. Nimekusingizia. Mtoto wako huyu ndiye aliyefanya, na kichwa hiki amekitoa kwetu sote wawili." Kisha akaninyooshea mkono nimwinue. "Toa takataka yako humu. Sasa hivi."

Nikachukua patasi na nyundo za baba. Kutia ilikuwa kazi ya nusu saa, kutoa ilikuwa alasiri nzima. Kiraka kilikuwa kimeshika kuliko bakuli lenyewe, maana nilikoroga vizuri, hilo nalo nilikuwa najivunia. Nilipiga taratibu nikiogopa alama ya dole gumba. Mama alisimama juu yangu. Kila nyundo iliposhuka alivuta pumzi. Nilimwambia kama likipasuka sitajisamehe, akanijibu kwamba kujisamehe ni mambo yangu mwenyewe, yeye anataka bakuli lake.

Halikupasuka, ila kiraka kilipotoka kilitoka na kitako. Pale chini likabaki tundu la duara, kubwa kiasi cha kupitisha ngumi. Ukiangalia ndani unaona udongo na mchwa. Nilikaa nyuma nikiwa na patasi mkononi. Bakuli la baba halingeshika tone la maji tena, na lingine kutoka kwa baba halipo.

"Nimeliharibu," nikasema, na hapo ndipo na mimi machozi yalinitoka, mtu mzima na ndevu zangu.

Mama aliinama akachungulia tundu. Akatia mkono, akautokezea upande wa pili, akachezesha vidole. Nilidhani amechanganyikiwa.

"Alisema atalitoboa baadaye," akasema.

Sikumwelewa mara moja.

"Tundu la kutolea maji. Alisema atalitoboa baadaye, hakupata nafasi." Alijiinua akishika bega langu. "Nenda dukani kaninunulie bomba. Na matofali yako pale nyuma, ya kwake yale yale. Nataka karo langu. Niliomba karo."

Nilijenga miguu miwili ya matofali kando ya bomba la maji la uani, kimo cha kiuno chake, nikampima kwanza kama fundi nguo. Tukalinyanyua karo na yule bibi jirani, sote watatu tukiguna. Nikaweka bomba kwenye tundu, nikaunga, nikapiga ndani nili, ule mpako laini wa saruji mpya. Mama hakuondoka hata dakika moja. Alitaka kuonja kwa macho kila nilichotia kwenye karai. "Hiyo nini?" Saruji, mama. "Na hiyo?" Maji, mama. "Maji ya wapi?" Jirani alicheka hadi akakaa kwenye kinu, na safari hii mama alicheka naye. Pembeni niliacha mahali pa dole gumba, sikupapaka.

Ndege tuliwanunulia sahani ya udongo, ya wafinyanzi, pana na yenye ukingo mpana. Mama aliiweka kivulini kabisa, mbali na jua la mchana, kwa sababu alikuwa ameshajua kuwa kijani kinapenda jua kuliko kinavyopenda maji. Utaratibu ni ule ule: maji ya jana kwenye mchicha, jiwe la Rungwe kwa mzunguko, kusuuza mara tatu, jiwe bapa katikati. Nilipokuwepo nilisugua mimi. Hiyo ndiyo adhabu niliyopewa, kila nikifika Ipogolo nasugua kabla sijapewa chai, na sijawahi kuona hukumu ya haki kuliko hiyo. Siku tatu za mwanzo sahani ilikaa bila mgeni. Nilikuwa naichungulia kila saa kama mwenye deni.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimeshavaa viatu, mama anaosha kikombe changu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitumia karo, saruji ilikuwa imekauka vya kutosha. Alisimama wima. Sijui kama wasomaji wanaweza kuelewa jambo hilo: mama yangu aliosha kikombe akiwa amesimama wima, mgongo umenyooka, nyuma ya nyumba ya mumewe. Akafungua bomba. Maji yakapiga kwenye kile kina kisicho kina, yakaruka, yakamlowesha kifua, khanga na miguu yote miwili.

Aliruka nyuma na kikombe mkononi. Kule kivulini, tetere mmoja aliyekuwa ametua kwenye sahani bila sisi kujua alishtuka akapaa, akazunguka, akarudi kunywa.

Mama hakumwona. Alikuwa amelikazia macho karo, maji yanamchuruzika, mkono mmoja kiunoni.

"Si nilikwambia halina kina?" akamfokea baba. "Si nilikwambia?"

Alisubiri kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kununa. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Ahsante, lakini," akaendelea kuosha.